Tende Zisizokuwa Kwenye Orodha

Shehena ya vichujio vya mashine za kusafisha damu, iliyokuwa ikienda kwa wagonjwa wa figo Gaza, ilirudishwa Dubai kwa sababu ya pakiti sita za tende. Tende hizo nilizitia mimi.

Nilikuwa mpakiaji katika ghala moja mtaa wa Al Qusais, Dubai. Serikali moja ya Ulaya ilinunua vifaa vya hospitali, sisi tukavifunga na kuvisafirisha. Kwetu Mombasa, mzigo wa kwenda kwa watu hauachwi na nafasi tupu. Pengo hujazwa sabuni, majani ya chai, chochote. Hata Dubai, bandarini Hamriya, watu wa pwani hufanya hivyo. Nilipoona katoni sita zina pengo, nikatia tende. Kwenye orodha sikuandika. Zawadi haiandikwi.

Mpakani wakaguzi walifungua, wakakuta kitu ambacho hakikuandikwa, wakarudisha shehena nzima.

"Dada wa Mombasa," Mzanzibari niliyepakia naye akanitania, "siku hizi figo nazo zinafuturu?"

Mfamasia wetu hakucheka. Alikuwa Mpalestina, na mama yake alikuwa akisafishwa damu katika hospitali ya Gaza iliyokuwa ikivingoja vichujio hivyo. Vichujio vilipopungua, badala ya mara tatu kwa wiki akawa anasafishwa mara mbili.

"Mama anapenda tende kuliko chochote," akaniambia kwa Kiarabu cha polepole ili nielewe. "Daktari amemkataza. Zinadhuru wagonjwa wa figo."



Meneja alikuwa na uamuzi wake tayari. "Khalas, yamekwisha. Tutaandika kwamba karatasi zilichanganyika njiani. Vifaa viende nchi nyingine. Gaza ina usumbufu."

"Sir, karatasi hazikuchanganyika. Andika ni mimi."

"Unataka kupoteza viza?"

"Nataka vifike vilikokusudiwa."

Akamtazama mfamasia, kisha Mzanzibari. Hakuna aliyeinamisha kichwa. Jioni ile nilimwandikia mwenyewe madam wa ubalozi wa serikali ile ya Ulaya, aliyesimamia msaada ule, ukurasa mmoja, nikataja tende na namba za katoni zote sita. Jibu lake lilikuwa fupi: fungueni zote, hesabuni upya, zitumwe Gaza.

Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, tulifika watatu. Tulifungua kila katoni, tukahesabu, tukajaza mapengo kwa karatasi zilizokunjwa. Mzanzibari akashikilia kwamba hizo nazo ziingie kwenye orodha. "Andika, dada: karatasi za kujazia, haziliwi." Mfamasia akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Tende tulizimaliza kwa kahawa.

Shehena iliondoka tena. Meneja akanipa barua ya onyo ya kutia saini. Ninayo mpaka leo, na saini yangu haimo.

Saini nyingine iliyokosekana ni ya hospitali, kwenye fomu ya kuthibitisha kwamba vichujio vimefika. Nilipoacha kazi ile miezi saba baadaye, fomu ilikuwa haijarudi, na mama yake mfamasia alikuwa bado anasafishwa mara mbili kwa wiki.