Kikombe Chini ya Sinki

Nakumbuka, mwanangu, tuliokuwa jikoni siku ile kule Al-Naseem, Riyadh: Nura, binti wa madam tuliyemtumikia, aliyesoma chuo, Kamala mpishi kutoka India, na mimi, mtumishi wa ndani niliyetoka Kenya juzijuzi.

Kikombe changu kiliwekwa chini ya sinki, mbali na vya wenyewe. Nilikifurahia. Wazazi walipofariki niliacha shule nikalea wadogo zangu, na sikuwahi kuwa na kitu changu peke yangu.

Kamala nilimwita Akka, dada mkubwa kwa lugha yao. Alinicheka. "Punda wewe! Hujapewa kikombe, umetengwa." Alikijua kikombe hicho. Yeye ni Dalit, na kwao watu wa jamii yake huhesabiwa najisi tangu kuzaliwa, hata chai hutiliwa katika kikombe cha kando.

Nura alikuwa akitusimulia, kwa Kiarabu chepesi, hadithi ya darasani kuhusu mwanamke Dalit. Anapigwa kwa kuchota maji kisimani, analia, anajitupa humo.

"Halas, imeisha? Kafa?" Akka akauliza. "Kaandika nani?"

Nura akataja jina.

"Jina hilo si la kwetu, ni la watu wa tabaka la juu, wenye kisima. Wao wakituandika lazima tulie, kisha tufe. Mama yangu alichota, akatukanwa, kesho yake akarudi na ndoo. Mbona yeye hayumo?"

Akachukua glasi ya madam, akaijaza maji. Nikamwona madam mlangoni. Pasi zetu za kusafiria zilikuwa kwake.

"Akka, weka," nikanong'ona.

Akanywa hadi tone la mwisho. "Nura, andika na hili."

Madam akaitupa glasi kwenye taka. "Kesho unarudi kwenu."

Kweli alirudishwa. Akifunga mizigo aliniambia, "Usiwaambie watu nililia. Waambie nilikunywa."

Baadaye, niliporudi kusoma ukubwani, nilijua kwamba wanawake Dalit wamejiandika wenyewe, na waliodai kuwasemea wanawake wote wakalazimika kuwasikiliza: mwanamke anayeoshewa vyombo na anayeviosha hawaonewi kwa namna moja.

Basi, mwanangu, usimwachie asiyekuuliza akuandike. Nawe ukimwandika mwenzako, usiulize alitendwa nini tu. Uliza alifanya nini. Mungu akupe sauti, na sikio la kuisikia ya mwenzio.

Nimesema kwamba Akka alikunywa. Lakini mama yake, yule aliyerudi kisimani na ndoo, jina lake sikuliuliza. Deni hilo bado ninalo.