Kila Neno na Mwenyewe

Kiingereza cha Lazarus, siku ya kwanza nilipokisoma, kilikuwa kimevaa nguo zake zote kwa mara moja. Wakati huo nilikuwa mpiga taipu katika chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, Mtaa wa Bazaar, nikinakili barua za mawakili na hati za viwanja. Mimi ni mtu wa Mombasa, naitwa Taib, na wasomi walikuwa wakinichosha hata kabla hawajaketi. Huyu alipanda ngazi na baiskeli begani, kwa kuwa hakumwamini mtu yeyote wa mjini, akaweka mezani kurasa sitini alizoziandika kwa mkono, akaomba nizipige kwa nakala tatu. Sentensi ya kwanza ilianzia juu ya ukurasa ikaishia karibu na chini, na humo njiani ilipitia alfajiri, Mwenyezi Mungu na maneno mawili ambayo hata mawakili wangu wangeyatafuta kwenye kamusi. Nilimuuliza anaandika kuhusu nini. Akasema kuhusu uji.

Sikucheka mbele yake. Nilicheka alipoondoka, tena sana, na leo kicheko kile kinanitia haya.

Lazarus alitoka Kimilili, mtoto wa mzee wa kanisa, na alikuwa amesoma mpaka Makerere. Sasa alikuwa akifanya utafiti wa shahada ya juu chini ya Mzungu mmoja tuliyemwita Dokta tu, na tasnifu yake ingepelekwa London kusahihishwa. Alikuwa akichunguza chakula cha watoto wa watumishi, wale waliolelewa katika vyumba vya nyuma ya nyumba za Wazungu huko Lavington, Muthangari na Kilimani. Kwa mwaka mzima na nusu alikuwa akiingilia milango ya nyuma na baiskeli yake, akiketi na akina mama kando ya jiko, akiuliza ni unga gani, mara ngapi kwa siku, nani humlisha mtoto mama akiwa kazini. Watoto walikuwa wakifa kule nyuma, na wenye nyumba hawana habari hata kwamba walizaliwa. Lazarus aliamini kwamba akiandika vizuri, mtu mwenye uwezo atasoma, na maziwa yatapatikana. Ninamheshimu kwa hilo mpaka leo, hata baada ya yote yaliyotokea.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, wakati wa Hali ya Hatari. Mwezi wa Aprili askari waliuzingira mji, Wakikuyu, waliodhaniwa wote kuwa waasi, wakatolewa nyumba kwa nyumba na kupakiwa kwenye malori, na tangu hapo sisi wengine tulitembea na vipande vya utambulisho mifukoni hata tukienda chooni.

Mwezi wa Juni Dokta alizirudisha zile kurasa. Kila pembeni palikuwa na wino mwekundu. Nani alisema? Umejuaje? Punguza. Alimwambia Lazarus kwamba habari isiyo na mwenyewe ni umbea, na kwamba London hawapokei umbea, hata ukipambwa namna gani. Lazarus alikuja kwangu na uso wa mtu aliyetoka mazikoni. Muda wa ufadhili wake ulikuwa unakwisha Krismasi na hapakuwa na nafasi ya pili. Akaniomba nimsaidie, mimi niliyeachia darasa la nane.

Basi nilimfundisha lile moja nililojifunza kwa mawakili: taja jambo, kisha mtaje shahidi wake, kisha nyamaza. Tukaanza kukata. Alikuwa akiugulia kila neno nililolifuta, na mara mbili alichukua karatasi zake akaondoka bila kuaga, halafu kesho yake yupo mlangoni tena na baiskeli. Lakini alijifunza. Kufikia mwezi wa nane alikuwa akileta kurasa ambazo sikuona pa kuzigusa. Sentensi fupi, wazi, kila moja na ushahidi wake nyuma. Nilimwonea wivu, nakiri, na pia nilijivuna, maana niliona sehemu ya kazi ile ni yangu.

Dokta alifurahi. Akashauri jambo moja tu, kwamba wale waliohojiwa waandikwe kwa namba. Hapo Lazarus akakataa kata kata, ila kwangu tu, si mbele ya Dokta. Alinieleza kwamba kwao mtu hasimami mbele ya watu akasema neno la mwenzake bila kumtaja mwenyewe, na baba yake, na anakotoka. Anayefanya hivyo amekula cha mtu. Wale akina mama walimpa maneno yao bila kumdai kitu, na yeye hataenda kujipatia shahada kwa maneno ya namba kumi na namba ishirini. Zaidi ya hayo, akasema, si Dokta mwenyewe aliyetaka kila neno liwe na mwenyewe? Kwa hiyo mwisho wa tasnifu akatengeneza kiambatisho: watu arobaini na mmoja, majina, majina ya baba zao, walikotoka, na nyumba za Wazungu walimokaa.

Mmoja wao alikuwa Munyiva. Alikuwa mke wa Mutiso, mtunza bustani wa Kikamba huko Muthangari, na walikuwa na mtoto wa kiume aliyekuwa hata hajatambaa vizuri. Watumishi wote wa mtaa ule walimjua kuwa Mkamba. Hakuwa Mkamba. Alikuwa Mkikuyu wa Githunguri, na mwezi wa Aprili Mutiso alimpa jina la shangazi yake marehemu, na askari walipopita aliwajibu kwa Kikamba kisicho na kasoro. Lazarus alipomuuliza jina la baba yake, Munyiva aliendelea kukoroga uji. Kisha akasema, na Lazarus alinirudia maneno yenyewe:

"Jina yangu nimebadilisha. Ya baba siwezi. Alikufa, na hana mtu mwingine wa kumtaja."

Akampa majina yote, lake la kweli na la baba. Aliulizwa kwa adabu, na kwa miezi kadhaa hakuna mtu aliyemuuliza lolote kwa adabu.

Nilipofika kwenye jina lake vidole vyangu vilisimama. Lilikuwa limeandikwa kwa ukamilifu: Munyiva, jina halisi Nyakio binti Gathuku, wa Githunguri, mke wa Mutiso, chumba cha nyuma, Muthangari. Nilimwambia Lazarus hili haliandikiki, si mwaka huu.

"Taib," akaniambia, "hii itasomwa na maprofesa watatu London. Nani kati yao atakuja Muthangari?"

Ningeweza kukataa. Mashine ilikuwa yangu. Lakini ilikuwa Ijumaa, nilitaka kumaliza kabla ya kwenda msikitini, na ule ukurasa ulikuwa umetoka safi, bila kosa hata moja, nakala zote tatu zikisomeka. Nikaupiga mpaka chini.

Tulichosahau, mimi na yeye na elimu yake yote, ni kwamba wakati wa Hali ya Hatari hakuna maandishi juu ya makao ya Waafrika yaliyotoka nchini bila kupitia ofisi moja ya serikali. Dokta alipeleka nakala moja huko kama alivyotakiwa. Alikuwa amezisoma sura zote kwa makini akaridhika nazo. Kiambatisho hakukifungua, maana alidhani ni namba.

Askari walifika Muthangari Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, asubuhi, wanaume wakiwa bustanini. Hawakupekua chumba. Walisimama uani na karatasi, wakaita watu kwa majina yao na ya baba zao. Walichukua kumi na mmoja, wengi kwa kulala pale bila ruhusa. Munyiva alipolisikia jina la baba yake aliitika. Walioshuhudia walisema labda angekaa kimya wangempita, kwa kuwa hawakumjua sura, lakini aliitika kabla hajajijua. Mtoto aliachiwa Mutiso.

Lazarus alisikia kesho yake alipokwenda na baiskeli. Mama mmoja alimhadithia yote kwa huruma, akimwona mtu wa kuaminika, na alipofika kwenye yale majina ya baba, Lazarus akaelewa kwamba karatasi ile ilitoka kwenye kiambatisho chake. Mle uani hakuna mwingine aliyeelewa. Alikuja akaketi kwenye ngazi yangu kutwa nzima, wateja wakimruka.

Tasnifu ilikuja kupita. Maprofesa wa London walikisifu kile kiambatisho. Nalisema hapa kwa sababu sitaki kulisema tena.

Wiki ya pili baada ya askari kupita, Mutiso alikuja mjini, siku yake ya mapumziko, mtoto mgongoni kwa leso ya mkewe. Wanaume hawabebi watoto hivyo, na watu wa dukani chini walimcheka. Alikuwa ameambiwa kwamba yule bwana wa uji anajua Kiingereza kizito na anapatikana kwangu. Alimwomba Lazarus aandike kwa mkuu wa kambi alikozuiliwa mkewe kwamba Munyiva ni Mkamba, kwamba pametokea makosa, kwamba mtoto hanyonyi tena na uji anautapika. Lazarus alimtazama yule mtoto. Nilingoja akiri. Alivuta kiti akaandika.

Barua ile ndiyo Kiingereza bora alichowahi kuandika. Mistari tisa. Hakuna neno la kuongeza wala la kukata. Alieleza kwamba yeye ni mtafiti, kwamba amemjua mwanamke huyo kwa mwaka mzima, kwamba babu zake ni wa Machakos, kwa Wakamba, akataja kijiji na mzee wa kijiji. Hayo ya Machakos yote yalikuwa ya kubuni. Mtu ambaye miezi sita iliyopita alibishana nami kutwa nzima juu ya idadi ya vijiko vya sukari katika uji aliandika uongo ule moja kwa moja. Niliipiga, akatia sahihi, nikaipeleka posta mwenyewe.

Jibu lilichukua siku kumi na sita. Lilikuja kwangu, ndani yake barua yetu ileile, imeshikizwa kwa pini kwenye ukurasa wa kiambatisho, na jina la Nyakio limepigiwa mstari. Chini ofisa alikuwa ameandika kwa mkono kwamba mwanamke huyo ametambuliwa kutokana na kazi ya mwandishi mwenyewe, kwamba ofisi inaamini orodha wala si barua, na kwamba amehamishiwa kambi ya mbali. Lazarus aliusoma ukurasa ule akiwa amesimama. Nilitambua maandishi ya mashine yangu, herufi a iliyokuwa ikikaa juu kidogo ya wenzake.

Alhamisi Mutiso alikuja kuchukua jibu. Mtoto alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba. Mutiso hakujua kusoma. Nikiwa nyuma yake nilimtikisia Lazarus kichwa: mwambie halijafika, mwambie aje mwezi ujao. Ningefanya hivyo mimi, na nisingeona aibu.

Lazarus alilifungua akamsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, mpaka pale paliposema ametambuliwa. Hapo Mutiso akamkatiza. Hakupaza sauti.

"Sasa hiyo jina ya baba yake, nani aliwapatia? Mimi mwenyewe sikuwa nasema hata kwa nyumba."

"Ni mimi," Lazarus akasema. "Aliniambia, nikaandika."

Mutiso alimtazama, kisha akaitazama karatasi. Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza fundo la leso kifuani. Nilidhani anaondoka, nikasogea kumpisha, lakini hakuondoka.

"Soma mpaka mwisho," akasema.

Lazarus akasoma mpaka mwisho.