Shemeji Aliwasha Taa za Krismasi Mume Wangu Akiwa Juu ya Paa, Leo Naambiwa Nimtunze

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana vijana wa ukoo wetu wamo humu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na tisa, naishi Mjimwema hapa Songea kwa mwanangu wa kiume, nitamwita Fidelis. Jambo hili nimekaa nalo tangu mtoto huyo anatambaa, sasa limenifika shingoni.

Mume wangu alikuwa fundi umeme kwenye shirika moja la umma. Ilipokuja ile miaka ya ruksa, biashara ya watu binafsi ikafunguliwa, shirika likauzwa, naye akapunguzwa kazi. Kaka yake mkubwa ndiyo kwanza alikuwa anachanua. Alifungua duka karibu na soko, akawa anashusha mali kutoka Dar es Salaam, redio, vitenge, sabuni za kunukia, vitu ambavyo zamani tulikuwa tunavisikia tu. Ukoo mzima ukawa unakula mkononi mwake. Na sisi tulikula, sitasema uongo.

Mwaka mmoja akaleta taa za Krismasi, zile ndogondogo za rangi zinazowaka na kuzimika. Mtaani hakuna aliyekuwa nazo. Sisi Krismasi yetu ilikuwa misa, wali na kuku, basi. Yeye alitaka nyumba izungushwe taa kuanzia barazani mpaka juu ya paa, kwa sababu jioni ya mkesha alikuwa amealika wakubwa wa mji. Akamwita mdogo wake amfungie. Mume wangu aliondoka asubuhi ya mkesha, nimempa uji mwenyewe.

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, kama ilivyokuwa kawaida miaka hiyo. Waya wa zile taa haukufika, akawa anaunganisha na waya mwingine. Akamwambia kaka yake, "Zima swichi kubwa, na usiiguse mpaka nishuke, umeme unaweza kurudi." Kaka akazima. Baadaye umeme ukarudi kweli, redio za majirani zikaanza kuimba. Kaka mtu akakosa subira. Mume wangu alimsikia kwa masikio yake akisema, "Ngoja tuone zinavyowaka." Akawasha. Mume wangu alirushwa na shoti, akaanguka kutoka kwenye bati, mgongo ukapiga ukingo wa sementi.

Nilifika hospitali na mtoto mgongoni. Nikamkuta shemeji anawaambia manesi, "Huyu ndugu yangu alikuwa amekunywa pombe, komoni, nilimkataza kupanda."

Nikamwambia, "Mlamu, asubuhi nimempa uji mimi. Hiyo komoni ameinywa saa ngapi?"

Akanivuta pembeni. Akasema taratibu tu, "Usiniharibie jina, mlamu. Ukiniharibia, watoto wako watakula wapi?"

Jioni nikatoka kwenda nyumbani kuchukua shuka. Njia inapita kwake. Taa zilikuwa zinawaka, nyekundu, kijani, bluu, na wageni wanacheka barazani. Mke wake aliniona nimesimama barabarani, akanijia na sahani ya pilau iliyofunikwa. "Wageni walishaalikwa," akasema, "tungefanyaje?" Niliipokea ile sahani. Watoto walikuwa na njaa.

Mume wangu hakutembea tena. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimlisha, huku nauza vitumbua na togwa. Mwanzoni mwenyewe alisema mbele ya kikao cha ukoo nani aliwasha, lakini nani angemsikiliza mtu aliyelala kitandani, mbele ya yule anayewalisha? Kabla hajafariki akaniambia, "Watoto usiwaambie. Watakua na chuki, mwisho watakosa ndugu." Nikaahidi. Kwa hiyo wanangu wamekua wakiamini baba yao alianguka kwa ulevi. Fidelis hanywi hata bia moja. Ukimuuliza anasema, "Sitaki niishie kama baba." Kila akisema hivyo natoka nje.

Sasa mambo yamegeuka. Duka la shemeji lilikufa, mke wake alifariki, watoto wake hata simu hawapigi. Amepigwa na kiharusi upande mmoja, amelala Lusewa kwa ndugu wa mbali ambaye amemchoka. Ukoo umekaa, umeamua aletwe hapa. Fidelis amekubali kwa moyo mmoja. Ameandaa chumba, ameshanunua na taa za kufunga barazani ili baba mkubwa afurahie Krismasi. Akaniambia, "Mama, wewe una uzoefu wa kutunza mgonjwa."

Juzi nilipanda basi peke yangu mpaka Lusewa. Nikakaa naye, nikamwambia, "Mlamu, sikudai kitu. Mwambie Fidelis ukweli, neno moja tu, nami nitakuosha kama nilivyomwosha ndugu yako." Machozi yakamtoka. Nikadhani sasa anasema. Mdomo wake umepinda lakini nilimwelewa vizuri.

"Alikuwa amekunywa, mlamu. Wewe hukuwepo."

Kisha akauliza, "Gari linakuja lini?"

Gari linakwenda Jumamosi. Nikimwambia mwanangu ukweli, nimevunja ahadi niliyompa marehemu, na namjua Fidelis, atamwacha huyo mzee palepale. Nikinyamaza, nitakuwa naweka uji kila asubuhi kwenye kinywa kinachomtukana mume wangu kaburini, na mwanangu ataendelea kumwonea aibu baba ambaye hakuwa na kosa. Ndugu zangu mnaosoma, hasa mliowahi kufiwa na mume, nielekezeni. Ninyi mngesema, au mngenyamaza?