Msuko wa Baba Mdogo Edmund

"Baba mdogo, mbona inachemka na hakuna anayeimba?"

Nilikuwa darasa la pili nilipomuuliza hivyo, kiganja changu kikiwa juu ya amplifaya ya kwaya ya kanisa letu hapa Ilula. Baba mdogo Edmund, fundi redio, aliuondoa mkono wangu. "Lea, kaimbe na wenzio huko."

Yeye ndiye aliyeitunza. Ilitumia betri ya gari, na spika zilikaa nyuma kabisa, mlangoni. Waya za kuzifikia alizisuka mwenyewe: nyembamba, nyingi, za rangi rangi, zimebanwa kama kikapu. Bibi yangu alisuka vikapu, akawafundisha wanawe wote, hata wa kiume. Watu walikuja kuushika msuko ule tu.

"Fundi, nisuke na mimi kichwa," Esta wa sauti ya kwanza alimtania, kwaya nzima ikacheka.

Lakini amplifaya iliungua. Akabadilisha transista, ikaungua tena. Akalaumu betri, akalaumu jua, akalaumu na transista alizonunua Mbeya. Mwaka jana, 1977, Mzee Kalinga, mwenyekiti wa kwaya, akamwambia mbele yetu sote, "Edmund, ikizimika Pasaka, tunampa mwingine aitunze." Siku hiyo baba mdogo hakula.

Asubuhi ya Pasaka, msuko haupo. Ukatafutwa hadi chini ya madhabahu.

"Ile kamba ya rangi rangi?" Esta akauliza, macho chini. "Jana nimefungia tenga la nyanya. Limeshapanda lori la Dar."

"Kamba! Esta, unaita kamba?" baba mdogo akamaka.

Basi akachukua waya wa kawaida wa nyuzi mbili, akautundika ukutani kwa misumari, unabembea, aibu tupu. Kwaya ikaimba mpaka mwisho wa ibada. Nikaenda kugusa amplifaya: baridi kama jiwe la mtoni. Mzee Kalinga akampa mkono, na habari za kumpa mwingine zikaishia hapo.

Baba mdogo hakutulia. Juma lile alisuka mwingine, akauunganisha na amplifaya na spika pale dukani kwake, bila wimbo wala nini. Pembeni redio yake ndogo ilikuwa kwenye taarifa ya habari. Ghafla mluzi ukamfunika msomaji. Akachomoa msuko, msomaji akarudi. Akauchomeka, mluzi. Akaweka waya wa Pasaka, habari zikaendelea kama kawaida.

Alikaa kwenye kigoda.

"Waya zikibanwa hivi, amplifaya inajichanganya," akasema taratibu. "Inajipigia mluzi yenyewe, wa juu mno, sikio letu halifiki. Redio ndiyo imeunasa. Huo ndio uliokuwa unaichemsha." Akanitazama. "Si uliniuliza wewe, ulipokuwa mdogo?"

"Nilikuuliza mbona inachemka na hakuna anayeimba."

Akaanza kuufumua msuko, uzi mmoja mmoja.

"Ilikuwa inaimba, Lea. Na mimi ndiye niliyeisukia wimbo."