Orodha ya Watu wa Kubebwa

Mwandiko wangu ndio ulioniponza. Nafundisha darasa la tatu, na kamati ya mtaa wetu kule Annexe, pembeni mwa mji, ilipotafuta mtu wa kushika daftari, macho yote yalinigeukia mimi. Malori ya asidi yaendayo migodi ya upande wa Kambove yalikuwa yakipita mbele ya nyumba zetu kutwa nzima, na moja lilikuwa limekwisha kupinduka mtaa wa pili. Tukaona tujipange wenyewe, maana wa kuja kutupanga hatukumwona.

Mpango ulikuwa mdogo. Firimbi ikilia, watu wapande shuleni kwangu, kilimani, kwa sababu tulielezwa kwamba moshi wa asidi ni mzito, hukaa chini. Kati ya nyumba zetu na shule pana bonde lenye kijito, na hapo tulisisitiza mtu asisimame hata kidogo. Mimi nikagawa kurasa za daftari sehemu mbili: kushoto majina ya watu wa kubebwa, kulia majina ya wabebaji wao.

Baba yangu nilimwandika kushoto. Alikuwa amefanya kazi ya kutengeneza njia ya reli mpaka akastaafu, na magoti yake yalikuwa yamekwisha. Bila fimbo hakufika hata langoni. Sikumwambia. Jirani mmoja mwenye domo ndiye aliyemwambia, na jioni ile baba alikataa kula.

"Mutoto, unaniandika mu bantu ba kubebwa?" aliniuliza. "Haya mabega ilibeba reli. Ni nani alishakuwaka kunibeba mimi?"

"Hakuna, baba."

"Basi unifute. Uniandike kwa bale banabeba bengine."

Kwetu mtoto hamwambii baba yake kwamba amezeeka. Nikafuta jina lake, nikaliandika kulia, mkabala na jina la mjane wa nyumba ya pili, mama wa Kimaniema aliyekuwa haoni tena. Nilijisemea kwamba nitatafuta mtu mwenye nguvu awachukue wote wawili kimyakimya. Sikumtafuta. Hilo naliandika hapa bila kujitetea.

Mimi niliandika ili baba ale. Yeye aliichukua kuwa kazi. Kila Jumamosi asubuhi alivaa kofia yake ya zamani ya reli, akaenda kumgongea mjane wafanye mazoezi. Kwanza alikuja na toroli, lakini yule mama alikataa katakata.

"Miye si mufuko ya bunga," alisema.

Basi baba akampa ncha ya fimbo yake aishike, yeye akatangulia akiwa ameshika ncha nyingine, mkono wa pili kwenye goti. Fimbo aliyokuwa akiiegemea ndiyo iliyokuwa sasa kamba kati yao. Wakashuka hivyo bondeni, wakapanda, baba akimwelekeza: hapa mawe, hapa maji, sasa ni kupanda tu. Majirani waliwatania kutoka uani.

"Baba, ndoa ni siku gani?"

"Mupike bukari ya ndoa kwanza," alijibu bila kugeuka, "siku tutabaambia."

Niliwaona kutoka dirisha la darasa nikiwa nasahihisha madaftari, na mimi nilicheka. Toka mama afariki sikuwa nimemwona baba akiwa na furaha namna ile, na kwa ajili ya furaha hiyo nikaliacha jina lake pale lilipokuwa.

Lori lilipinduka Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye kona ya chini ya nyumba zetu. Firimbi zikalia. Nilisimama kwenye lango la shule na daftari langu, kama tulivyopanga, nikitia alama kila jina lililofika. Watu walipanda na vitenge puani, wengine na wazee mgongoni. Kwa mara ya kwanza nilijivunia kazi ya mikono yangu.

Waashi wawili, ndugu wa tumbo moja, walifika na toroli tupu. Mzee waliyepangiwa alikuwa amesafiri Kambove kwa binti yake.

"Madamu, muntu yetu hayiko," mkubwa wao alisema. "Tufanye namna gani?"

Niliangalia daftari. Kila jina la kushoto lilikuwa na mbebaji wake.

"Mupumuzike," niliwaambia.

Wakakaa kando ya ukuta. Baba sikumtafuta kwa macho. Katika daftari langu alikuwa mbebaji, na mimi nililiamini daftari langu kama ninavyowafundisha watoto kuyaamini ya kwao.

Kisha mjane akatokea kwenye njia ya bondeni, peke yake, akigonga mawe kwa fimbo. Niliijua fimbo kabla sijamjua yeye. Mpira wa kwenye ncha niliufunga mimi mwenyewe.

"Mama, baba iko wapi?"

Alikohoa kwa muda mrefu, amenishika mkono.

"Iko kule chini, pa maji. Magoti ilikatala. Alinipatia fimbo, akasema, 'Mama, sasa ni kupanda tu, njia unaijua. Ukifika, ambia mutoto yangu aniandike kwa bale ba kubebwa.'"

Waashi walikuwa wamekwisha kusimama kabla sijawaita. Walishuka mbio na toroli lao. Mara mbili walirudi kutoka ukingoni, macho yakiwatoka machozi, kwa sababu moshi mweupe ulikuwa umejaa bonde lote. Nilitaka kushuka mwenyewe, wanawake wakanishika kiunoni, nikawapiga. Upepo ulipogeuka ilikuwa karibu saa sita. Walimkuta ameketi, mgongo kwenye jiwe, kofia yake magotini.

Wiki iliyofuata kamati ilikutana. Mwenyekiti alisema tumshukuru Mungu, mpango ulifaulu, maana kila aliyeandikwa kushoto alifika salama. Alisema kweli.

Lakini kabla ya mazishi nilikuwa nimekwisha kufanya alichoagiza. Chini ya jina la mwisho, upande wa kushoto, niliandika jina la baba kwa mwandiko wangu mzuri. Mkabala nalo, kulia, niliandika majina ya wale waashi wawili. Walishika upande wa mbele wa jeneza kutoka nyumbani, na kila mtu aliyetaka kuwapokea walimkatalia, mpaka makaburini.