Zamzam na Kipande cha Redio

Watu wa Mombasa humwita shangazi yangu Zamzam mwoga, kwa sababu akisikia mtu asiyemjua akiuliza habari za jamaa zake, hunyanyuka na kuondoka. Mwoga ni wao. Mimi ni binti wa kaka yake Hussni, na najua alichokifanya.

Mwaka 2010 alikuwa Kismayo, katika duka la intaneti la baba yangu. Mji ulikuwa mikononi mwa wenye bunduki. Wateja, wanaume tu, walikaa mbele kwenye skrini. Shangazi alikaa nyuma ya pazia na kompyuta kuu, ambayo skrini zote ziliunganishwa nayo. Wateja walidhani fundi ni Baba. Baba, ambaye hata saa yake ya mkononi alitiliwa majira na wengine!

Kompyuta ina kiini, na kiini ndicho bawabu: huamua nani aguse nini. Viini vipya vilikuwa salama zaidi. Lakini kisiwani Chula palikuwa na redio kuukuu ya kutumiana ujumbe wa maandishi, iliyoachwa na shirika moja la misaada, na ili kuzungumza nayo kiini kilihitaji kipande cha kale chenye tundu ambalo hakuna aliyejisumbua kuliziba. Kikiwa ndani, mteja mjuzi angeweza kupenya kutoka kwenye skrini yake na kusoma kila kitu. Kamba hukatikia pembamba. Kukitupa nako kungeinyamazisha Chula, na Chula alikuwako mumewe Ishaq, fundi wa mashine za boti.

Basi Shangazi alikisanidi kiini upya. Kila cha kale alikizima, ila kipande hicho alikiweka kando, akichomeke akikihitaji na kukichomoa akimaliza. Wakati wake ulikuwa alasiri. Adhana ikilia, wanaume wote walilazimika kwenda msikitini na duka lilifungwa. Yeye alibaki ndani, akazungumza na Chula, akachomoa kabla Baba hajarudi na ufunguo.

Siku moja, adhana ikikaribia, Baba aliinamia pazia, akanong'ona kwa lahaja yetu, ambayo mtu huitwa mchu.

"Kesho alfajiri wachu hawa wa bunduki wenda Chula. Wamtaka fundi wa mashine. Mwambie aondoke."

Baba akaenda kuswali. Shangazi alichomeka kipande, akaandika kwa pupa: "Ami Bakri, mwambie Ishaq aondoke leo." Bakri ni ami yake Ishaq, mzee aliyeshika redio kule kisiwani.

Jibu lilikuja mstari mmoja. "Mchu huyo hatumyui." Yaani Ishaq hatumjui.

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Kwetu hakuna neno linalotangulia salamu, na salamu huanza kwa mkubwa, mmoja mmoja. Tena mke hamtaji mumewe kwa jina. Humwita baba wa mwanawe. Ujumbe ule, kwa Bakri, ungeweza kuandikwa na yeyote ila Zamzam. Mzee alifanya sawasawa kabisa, na kwa kufanya sawasawa alikuwa anamuua mwana wa nduguye.

Shangazi aliita, akaita tena. Bakri alipoitika, ufunguo ulikuwa ukizunguka mlangoni. Wateja waliingia, viti vikaburuzwa. Baba akachungulia.

"Chomoa, Zamzam."

"Kaka, bado."

"Washaketi."

"Bado, kaka."

Akaanza upya. Hujambo, Ami Bakri? Bibi Mwanapili hajambo? Na mguu wake? Herufi zilitambaa moja moja, na kwa kila aliyeulizwa, Bakri alijibu kisha akauliza na yeye. Upande wa pili wa pazia vidole viligonga vibao vya herufi, na Shangazi hakuweza kujua nani anaandika barua na nani anapekua. Mwisho akaandika: "Na baba Rawda?"

"Hajambo. Kuna nini?"

"Atoke sasa hivi, ashike ndia ya Kiunga. Asingoje alfajiri."

"Nimefahamu, mwanangu."

Akachomoa. Anasema alitaka kulia kwa furaha.

Kisha kutoka mbele alisikia sauti ya kijana mmoja aliyekuwa akija kila siku, mzaliwa wa Kismayo, mjuzi wa lugha zetu zote. Alimuuliza Baba kwa upole, kama aliyeyasoma mazungumzo yote: "Bibi Mwanapili, mguu wake umepona?"

Baba hakusita. "Alhamdulillahi, naambiwa wapona," alisema kwa sauti ya juu, sauti ya kusikika nyuma ya pazia. "Lakini tuliteseka, ndugu yangu. Ulianza kuvimba mwezi wa Shaabani. Keti, nikueleze."

Shangazi alitoka kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi, akaja kutuchukua mimi, mama yangu na Rawda. Ishaq alifika Kiunga, ng'ambo ya mpaka, salama. Baba hatujampata hadi leo. Nampenda Shangazi, na kuna siku simtazami usoni, na yeye anajua kwa nini. Ananiambia kwamba alipokuwa akivuka ua, Baba alikuwa bado anasimulia habari za mguu, bila haraka, na hakuruka hata jina moja la waliokuja kumjulia hali mgonjwa.