Mgeni Aliyekuja Kumwona Mtoto

Haya yalinipata mimi mwenyewe, ndani ya nyumba yangu, mchana kweupe. Sikuhadithiwa na mtu. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele hutapata nafasi.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kiwanda cha pamba kilikuwa kimetupunguza kazini, na kila mtu Mwanza alikuwa anauza chochote kinachouzika. Mimi niliuza mijusi. Ndiyo, mijusi kafiri, wale wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu wanaoota jua kwenye mawe yetu ya Mkolani. Mnunuzi alitoka Dar, akasema Ulaya watu wanawafuga sebuleni, ndani ya vioo. Mke wangu Leticia alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mjusi wa kukamatwa maweni humfikia mnunuzi amechubuka, kwa hiyo nikaamua kuwazalisha mwenyewe uani, kwenye kreti nilizozizungushia wavu wa mbu.

Mayai yakaanguliwa kwenye mchanga. Nikavitia vile vitoto kreti moja na wakubwa. Kwetu ndivyo tunavyolea: mtoto hatengwi, analala na bibi yake, anakula na wakubwa. Nani angefikiria vingine? Asubuhi nikakuta dume limetulia juani, mkia mwembamba unaning'inia mdomoni mwake, bado unacheza. Halikutafuna. Lilikuwa linameza polepole huku linanitazama. Majike nayo yalikuwa yamevimba matumbo. Nilitapika chai yote pale pale.

Mchana wa siku hiyohiyo akaja yule mama.

Leticia alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, Neema, na ndugu walikuwa bado wanakuja kumwona. Kwa hiyo mama mtu mzima alipoingia uani na khanga kichwani sikushtuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kumwona mjukuu."

Hakuleta hata kipande cha sabuni. Nikajua ni shangazi wa Leticia, maana ukoo wao kule Magu ni mkubwa na sikuwahi kuwajua wote. Na kumwuliza mtu mzima "wewe ni nani" akiwa mlangoni kwako, kwetu hilo halifanyiki.

Alikataa kiti cha kivulini. Akakaa juu ya jiwe, jua la utosi, bila tone la jasho. Tukamletea ugali na sato, hakugusa. Alitikisa kichwa juu chini, juu chini, hata salamu zilipokwisha. Ngozi ya shingo yake ilikuwa inabanduka vipande, naye anavikwangua kwa kucha na kuvitia mdomoni. Samahani kama unakula.

Kisha akainuka, akachungulia kreti.

"Umewaweka watoto na wakubwa," akasema.

"Ndiyo mama. Nilikosea, wameliwa."

"Hujakosea. Wewe ni mkarimu."

Maneno hayo sikuyapenda, lakini ningemwambia nini shangazi wa mke wangu?

Akaomba mtoto. Leticia akampa kwa mikono miwili, na yule mama akaingia naye chumbani, eti anamlaza. Sisi tukabaki jikoni. Leticia akaninong'oneza, "Baba Neema, shangazi yako ananuka. Atalala hapa?"

"Shangazi yangu? Si wa kwenu?"

Tukatazamana. Amini nakwambia, sijawahi kukimbia vile.

Alikuwa amekaa kitandani, ametulia. Mguu wa Neema ulikuwa mdomoni mwake, umezama mpaka gotini. Hatafuni. Taya limeachama kupita la binadamu, na koo linavuta polepole. Mtoto hata hakulia. Nikamshika kwapani nikavuta, Leticia akamchapa yule kiumbe usoni kwa mwiko. Mguu ukatoka umejaa ute mzito unaonuka yai viza. Yule mama alishuka kitandani kwa mikono na miguu, akatoka dirishani kichwa mbele, akapanda jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Jirani aliyekuwa anaanika dagaa hapo nje alisema hakuona mtu.

Mijusi niliwaachia wote jioni ile, na mnunuzi sikumwona tena. Mayai siyali mpaka leo, hata ya kuku.

Neema sasa ni msichana mkubwa. Mguu ule, kuanzia gotini kwenda chini, hubanduka ngozi kila kiangazi, na ni wa baridi hata akiuweka karibu na jiko. Hospitali walitupa mafuta ya kupaka. Alipokuwa mdogo nilimpaka mimi, na kila mara mkono wangu ulisita kwanza. Nilikuwa naona kinyaa mguu wa mwanangu mwenyewe, na yeye alikuwa analiona hilo usoni kwangu. Sasa anajipaka peke yake, mlango ameufunga.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto mchanga, mgeni akija, mwulize jina na ukoo kabla hajavuka kizingiti, awe na mvi kiasi gani. Atasema huna adabu. Mwulize tena.